Kivu: nani anahesabu watu wa mashini?

Ukitaka kujua ni watu wangapi wanaofanya kazi katika viwanda vya Kivu, usianzie kwenye biro. Nenda ukasimame mbele ya lango la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Utaona makundi mawili. La kwanza ni dogo: watu wenye kadi shingoni, wanamsalimia mlinzi, wanapita. La pili ni kubwa, limejipanga kando ya ukuta: vijana, mama wenye watoto mgongoni, wazee ambao umri wa kubeba gunia umekwisha kuwapita. Hao wanamngoja kapita. Kapita anatoka na kaye yake mkononi, anatazama sura, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye kofia. Waliobaki wanarudi nyumbani, au wanashuka sokoni kutafuta mzigo wa kubeba.

Jioni, wale waliochaguliwa watakuwa wamemimina sabuni kwenye vibao, wamepanga chupa, wamefunga makaratoni, wameosha sakafu. Watapanga foleni mbele ya kapita, watapokea pesa ya siku, watakwenda. Kesho ni vilevile. Na mwisho wa mwaka, serikali ikikiuliza kiwanda kina wafanyakazi wangapi, kitajibu kwa idadi ya kundi la kwanza.

Hapo ndipo nina neno. Kila siku tunasikia viongozi wakisema nchi inahitaji viwanda, vijana wanahitaji kazi, Kongo isibaki kuuza mawe na mbao tu. Ni kweli. Lakini viwanda tunavihesabu kama majengo, na kazi tunaihesabu kama kadi. Yule anayetengeneza kitu kwa mikono yake, yule ambaye bila yeye hakuna sabuni wala soda, hayumo kwenye hesabu. Na asiyekuwa kwenye hesabu, sheria haimwoni.

Nchi nyingine hazifanyi hivyo. Marekani, kila mwezi serikali inatangaza idadi ya watu walio kwenye viwanda vya kutengeneza vitu. Ni karibu milioni 13. Tena hawaishii hapo: wanatenga wale wa kazi yenyewe ya uzalishaji na wale wa usimamizi, mauzo na karatasi. Karibu 7 kwa kila 10 ni wa uzalishaji. Mtu anaweza kusema hiyo ni Marekani, wana kompyuta, wana amani. Basi tutazame karibu. Kenya, ambayo sabuni zake na biskuti zake zimejaa kwenye maduka yetu, inatoa kila mwaka kitabu cha hali ya uchumi, na ndani yake mna idadi ya walioajiriwa rasmi viwandani: zaidi ya watu 300,000. Tangu mwaka 2022 sisi na wao tuko kwenye Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Tukikaa nao mezani kuzungumza ushuru wa bidhaa, wao wanaweza kusema: tukifungua mlango huu, watu kadhaa wetu watapata kazi au wataipoteza. Sisi tutasema nini?

Kongo ilihesabu wakaaji wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu, au yuko karibu kuwapata. Taasisi ya Taifa ya Takwimu, INS, ilifanya uchunguzi kwenye nyumba za watu mwaka 2005 na tena 2012, ikauliza juu ya kazi na matumizi. Ni kazi nzuri. Lakini uchunguzi wa namna hiyo unagonga mlango wa nyumba, haukai langoni kwa kiwanda. Unakuambia watu wengi wanaishi kwa kazi zisizo rasmi, jambo ambalo mama yeyote muuza sambaza pale Kadutu angekuambia bila kuuliza nyumba hata moja.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda, maana watu wengi wanaozungumza juu ya viwanda hawajawahi kuingia.

Chukua kiwanda cha pombe, tunachokijua sote. Yuko mpishi wa pombe, aliyesoma, anayepima joto na chachu. Yuko fundi wa umeme na fundi wa mashini. Bila hao hakuna kitu kinachozunguka. Yuko mtu wa tanuru la mvuke. Wako wanaosimama kwenye mkanda wa chupa saa nyingi, macho yao kwenye taa, wakitafuta chupa iliyovunjika mdomo au yenye uchafu. Wako wanaotoa chupa chafu kwenye masanduku na kuziingiza kwenye mashini ya kuosha, mikono kwenye maji yenye soda kali. Wote hao ni watu wa uzalishaji. Mwuzaji, dereva, mtu wa fedha, mkurugenzi, hao wana kazi yao na inahitajika, lakini si uzalishaji. Sasa uliza: katika hawa wa mkanda, wangapi wana kontra ya kiwanda chenyewe? Mara nyingi yule wa kuosha, wa kupanga na wa kupakia si wa kiwanda kabisa. Ameletwa na kampuni nyingine ndogo. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi zinazopewa makampuni madogo, mlango huo uko wazi na una sifa yake: kazi hizo zinatakiwa zibaki mikononi mwa Wakongomani. Sipingi hilo. Ninachosema ni kwamba mtu yuleyule, kwenye mkanda uleule, akihama kutoka orodha ya kiwanda kwenda orodha ya kampuni ya usafi, kwenye karatasi kiwanda kimepoteza mfanyakazi wa uzalishaji na mji umepata mfagiaji. Mikono haijabadilika.

Upande mwingine, kuna watu wa uzalishaji ambao hata hatuwaiti hivyo. Pharmakina, hapa Bukavu, inatengeneza kinini kutoka kwenye maganda ya mti. Anayebandua ganda shambani anahesabiwa kwenye kilimo. Anayelisaga na kulichemsha anahesabiwa kwenye kiwanda. Sawa, hiyo ndiyo kanuni ya dunia nzima. Lakini kwa kanuni hiyohiyo, mshonaji mwenye cherehani pale sokoni yuko kwenye viwanda. Mchomelea wa milango ya chuma yuko kwenye viwanda. Seremala wa vitanda, mwenye mashini ya kusaga mihogo, mtengeneza matofali, wote wamo. Na mama anayekamua ndizi kutengeneza kasiksi nyuma ya nyumba yake, kwa vitabu vya takwimu anafanya kazi ya aina moja na kile kiwanda kikubwa cha pombe. Nilipomweleza mama mmoja jirani jambo hilo alicheka sana, akaniuliza mshahara wake wa mkurugenzi uko wapi.

Nimeleta mzaha, lakini jambo lenyewe halina mzaha. Nitaeleza kwa nini.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanda cha sabuni ambacho sitakitaja. Miaka mitatu, siku sita kwa wiki, na kila siku aliajiriwa upya. Alikuwa mjurnalie. Mwaka 2021 alikuwa analipwa franka 5,000 kwa siku, wakati sheria ya mwaka 2018 ilikuwa imeweka mshahara wa chini kabisa kuwa franka 7,075. Siku moja mashini ya kukata vipande vya sabuni ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Wenzake walimfunga kitambaa, wakamweka kwenye pikipiki, wakampeleka kwenye kituo cha afya. Siku ya kwanza kiwanda kililipa dawa. Siku ya tatu shangazi alipokwenda kuuliza, mtu wa biro alifungua mashini yake ya kuandikia, akatafuta jina, akasema: mama, huyu mtu hatuna.

Hakusema uongo. Jina halikuwamo. Lilikuwa kwenye kaye ya kapita, na kaye ikijaa inatupwa au inawashiwa makaa.

Wengi wetu hatujui kwamba Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, ilikwisha kumfikiria mjomba. Kifungu cha 40 kinasema: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akikwisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, basi akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Hahitaji kuomba, hahitaji kumpa kapita bia. Sheria yenyewe imekwisha kumwajiri. Kwa siku sita kwa wiki, mjomba alikuwa mfanyakazi wa kudumu kabla mwezi wake wa kwanza haujaisha, na miaka mitatu hakujua. Kiwanda kilitakiwa kimtangaze kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao ndio unaobeba ajali za kazini na pesheni. Hiyo yote iko kwenye maandishi, kwa Kifaransa kizuri.

Ila ushahidi wa siku 22 uko wapi? Uko kwenye kaye. Na kaye ni ya nani? Ya kapita. Unaona sasa kwa nini nasema hesabu ya watu wa uzalishaji si jambo la wasomi wa Kinshasa. Viwanda vingine vinaijua hesabu hiyo kuliko wafanyakazi wenyewe: siku ya ishirini kapita anakuambia, ndugu, pumzika kwanza, utarudi mwezi wa mbele. Wanaposema hawawezi kuhesabu wajurnalie, nakumbuka hiyo siku ya ishirini. Wanahesabu vizuri sana.

Kuna mfano mwingine, wa upande wa pili, ambao wakaaji wa Bukavu wasingepaswa kuusahau. Wakati wa vita ya RCD, kati ya 1999 na 2003, wafanyakazi wengi wa Bralima hapa Bukavu walifukuzwa. Watu 168 kati yao hawakunyamaza. Mwaka 2015 walipeleka malalamiko hadi Uholanzi, kwenye nchi ya Heineken, kampuni mama, mbele ya ofisi inayosikiliza malalamiko juu ya makampuni makubwa. Mwaka 2017 walifikia makubaliano na kampuni. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano, na wengine walikuwa wamezeeka. Lakini namba ile, 168, iliwezekana kuandikwa kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na jina mahali fulani: kontra, barua ya kufukuzwa, karatasi ya mshahara iliyohifadhiwa chini ya godoro. Najiuliza juu ya wale waliokuwa wakisimama langoni miaka ileile na kuchaguliwa kwa kidole. Nao walipoteza kazi. Wangeandika nini kwenye barua ya kwenda Uholanzi?

Na sasa tumerudi palepale, vibaya zaidi. Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu. Benki zilifungwa. Mwezi wa Juni, Heineken ilitangaza kwamba haina tena mamlaka juu ya vituo vyake vya Bukavu na Goma, ikaondoa watu wake waliokuwa wamebaki. Magazeti ya Ulaya yaliandika juu ya kampuni na hasara yake. Sisi huku tunaona kitu kingine: mwenye kadi ya kampuni ana mahali pa kuuliza, hata kama jibu halifiki. Wa mstari mrefu amerudi nyumbani bila hata mtu wa kumpigia simu. Siku vita itakapokwisha na watu watakapokaa kuzungumza fidia, hesabu itakayowekwa mezani itakuwa ya kadi.

Tungekuwa tumejifunza kutoka Kiliba. Pale bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, kulikuwa na kiwanda cha sukari kilicholisha watu wa jimbo zima, kikasimama na vita ya 1996. Kalemie kulikuwa na Filtisaf iliyotengeneza vitambaa, nayo ikafa. Kila uchaguzi, mgombea anasimama jukwaani anaahidi kufufua Kiliba. Watu wanapiga makofi, hata mimi nimewahi kupiga. Lakini sijawahi kumsikia mgombea hata mmoja akisema: kiwanda kikifunguliwa, wakata miwa watakuwa wangapi, watu wa vinu wangapi, wa mifuko wangapi, na kati yao wa kontra ni wangapi. Anaahidi kiwanda. Kazi anatuachia tujikadirie wenyewe.

Wenye viwanda wana maneno yao, na si ya bure. Wanasema: umeme unakatika, mafuta ya mashini ni ghali, barabara hakuna, kodi ni nyingi na za kila namna, tukiandika kila mjurnalie, ofisi kumi zitakuja na kila moja na karatasi yake, tutafunga. Nimeona hizo ofisi kumi, nawaamini. Pale Mutwanga, mto ulipoletewa mitambo ya umeme na Virunga, kiwanda cha sabuni kilisimama kwenye eneo ambalo watu walikuwa wanajua kilimo tu. Umeme wa kweli unaleta kazi kuliko hotuba. Lakini mwenye kiwanda anayesema hawezi kulipa franka za CNSS za mtu mmoja anapaswa pia kutuambia nani alilipa vidole vya mjomba. Alilipa shangazi, kwa kuuza shamba dogo la Walungu.

Neno la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wafanyakazi wenyewe. Nilizungumza na kijana mmoja wa kupakia, akaniambia: kaka, wakati huu usiniandike jina popote. Ana haki. Mahali ambapo mamlaka yanabadilika usiku, orodha ya majina inaweza kutumiwa kukusanya kodi, au kwa mambo mabaya kuliko kodi. Kwa hiyo sisemi tukusanye majina. Tunaweza kuhesabu bila majina. Sendika, vyama vya vijana, wanafunzi wa chuo wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo: simameni langoni asubuhi moja kwa mwezi, hesabuni walioingia na kadi, hesabuni walioingia kwa kidole, wanaume wangapi, wanawake wangapi, waliorudishwa wangapi. Haihitaji mradi wa dola milioni. Inahitaji mtu anayeamka mapema. Namba hizo zikikaa mwaka mmoja, hakuna kiwanda kitakachosema tena kina watu arobaini wakati mia mbili wanaingia kila asubuhi.

Majina yabaki kwa wenye majina. Kila mjurnalie awe na kaye yake mwenyewe, aandike tarehe, saa ya kuingia, mashini aliyofanyia, pesa aliyopokea, na kwa hiyo ajue anacholipwa kimepita au hakijapita mshahara wa chini, ambao mwaka 2025 serikali iliupandisha hadi franka 14,500 kwa siku. Mwenye simu apige picha ya ukurasa wa kapita akipata nafasi. Wenzake wawili waweke alama kwamba walikuwa pamoja. Nilimuuliza rafiki mmoja wakili kama karatasi ya namna hiyo ina nguvu mbele ya mkaguzi wa kazi. Alisema haitoshi peke yake, lakini inashinda mikono mitupu, na mashahidi wawili wanaifanya iwe nzito.

Mjomba hakurudi kiwandani. Anafuga kuku, na vidole vitatu vilivyobaki vinamtosha kushika kalamu. Binti yake wa pili sasa ndiye anayekwenda langoni, mahali pengine, kwenye kiwanda cha maji ya chupa. Kila jioni akirudi, kabla ya kuvua viatu, baba yake anamwita, anafungua kaye yenye jalada la buluu, anaandika tarehe na kumsomea kwa sauti. Jumamosi iliyopita nilikuwa pale. Tangu mwezi uliopita uanze, zilikuwa siku 19.